Swichi ndogo za ekstenda ya faiba: nazibadilisha, lakini picha na sauti zinabaki vilevile

Swali, kutoka kwa Mwendesha Mitambo

Ndugu wataalamu, naomba msaada katika jambo ambalo kijitabu cha kifaa kimelieleza kwa mchoro mmoja tu. Nina jozi ya ekstenda za HDMI, yaani visanduku viwili, cha kutuma na cha kupokea, vinavyopitisha picha na sauti mbali kwa faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga) ya modi nyingi aina ya OM3, yenye nyuzi mbili, kutoka kwenye kompyuta iliyo katika chumba cha mitambo hadi kwenye projekta ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) iliyo ukumbini. Kisanduku cha kutuma kina swichi nne za DIP (vishikio vidogo vya kusogeza): mbili za kwanza zimeandikwa EDID, yaani maelezo ambayo skrini huipa kompyuta kuhusu uwezo wake, ya tatu ni ya sauti na ya nne ni ya RS-232, njia ya kupitishia amri za kudhibiti vifaa. Picha inafika bila kukatika, lakini kompyuta haikubali kutoa zaidi ya pikseli 1920 kwa 1080, na amplifaya iliyounganishwa kwenye tundu la sauti la kisanduku cha kupokea iko kimya kabisa. Nimezisogeza swichi za EDID katika kila mpangilio ulioonyeshwa mchoroni, mitambo ikiwa inafanya kazi, na sikuona tofauti yoyote. Je, swichi zimeharibika, au kuna utaratibu wa kufuata?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Fundi Nyuzi

Ndugu, usizihukumu swichi bado. Vifaa vingi vya aina hii husoma mpangilio wa swichi mara moja tu, pale vinapowashwa, na ukizisogeza baadaye vinaendelea kufuata kile vilichosoma mwanzoni. Chomoa umeme wa visanduku vyote viwili, subiri taa zizimike, panga swichi, kisha washa projekta kwanza, kisanduku cha kupokea, kisanduku cha kutuma, na kompyuta iwe ya mwisho. Ninapendekeza mfuatano huo kwa sababu maelezo ya skrini husafiri kinyume cha picha, na kila kifaa kinapowaka hufaa kikute kilicho mbele yake kiko tayari kujibu.

Uangalie pia mchoro wenyewe. Katika baadhi ya vijitabu sehemu nyeusi ni kishikio cha swichi, na katika vingine ni nafasi iliyoachwa wazi, kwa hiyo msomaji anaweza kupanga kila kitu kinyume bila kujua. Tafuta mahali panapotaja kwa maneno mpangilio wa kiwandani, ulinganishe na mchoro. Fuata neno ON lililochapwa kwenye swichi, wala usidhani kwamba juu ni ON, kwani kisanduku huenda kimefungwa kichwa chini. Tumia kijiti chembamba cha plastiki kusogezea. Usitumie penseli, kwa kuwa unga wake hupitisha umeme na ukiingia ndani ya swichi unaweza kuiharibu.

Jibu la pili, kutoka kwa Mpimaji

Nakubaliana na Fundi Nyuzi kuhusu kuzima na kuwasha, ila nadhani tatizo lako lina tabaka la pili. EDID ni maelezo mafupi, ya baiti 128 katika sehemu yake ya msingi na mara nyingi baiti 128 nyingine za nyongeza, ambamo skrini huieleza kompyuta ni picha na sauti za aina gani inazoweza kupokea. Swichi zako mbili huamua maelezo hayo yatoke wapi: yanakiliwe kutoka kwenye projekta, au yatoke kwenye kumbukumbu ya ekstenda yenyewe. Ukichagua kunakili, ni lazima yarudi kwa njia ya faiba, na katika vifaa vya nyuzi mbili uzi mmoja hupeleka picha na mwingine hurudisha mawasiliano. Uzi wa kurudi ukiwa mchafu au umekatika, picha inaweza kufika salama huku kompyuta ikiachiwa maelezo ya akiba, ambayo kwa kawaida ni ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080).

Kwa hiyo jaribio langu ni hili: weka swichi kwenye EDID ya ndani ya 4K, fremu 30 kwa sekunde. Kompyuta ikitoa 4K, swichi ni nzima na uchunguzi uelekee kwenye uzi wa kurudi; safisha ncha zake kwa kifaa maalumu, wala usichungulie ndani ya ncha yenye mwanga, kwa sababu mwanga wa nanomita 850 karibu hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza.

Nimetaja fremu 30 kwa makusudi. 4K ya fremu 60 yenye rangi kamili huhitaji gigabiti 17.82 kwa sekunde, ilhali ya fremu 30 huhitaji 8.91, kiasi ambacho ekstenda yenye moduli za gigabiti 10 hukibeba bila kubana picha. Fremu 60 nazo huingia katika 8.91 rangi zikipunguzwa hadi 4:2:0 (pikseli nne hushirikiana taarifa moja ya rangi), lakini kwa kompyuta inayoonyesha maandishi nisingekubali hilo, kwani herufi ndogo za rangi hufifia kingoni.

Sauti imefungamana na jambo hilohilo. EDID isiyotaja sauti huifanya kompyuta iione projekta kama skrini isiyo na spika, na haitatuma sauti hata swichi ya tatu ikiwa sahihi. Chagua EDID ya ndani yenye sauti ya chaneli mbili, kisha hakikisha swichi ya tatu iko kwenye kutoa sauti ndani ya HDMI, si kuingiza sauti ya nje.

Mwendesha Mitambo

Nashukuru sana. Baada ya kuzima na kuwasha nikiwa na EDID ya ndani, 4K imepatikana na amplifaya inatoa sauti; nikirudi kwenye kunakili, 1080p inarejea, kwa hiyo nitasafisha uzi wa kurudi. Limebaki moja: amri za kuwasha projekta kupitia RS-232 hazifiki.

Jibu la tatu, kutoka kwa Fundi Nyuzi

Amri hizo nazo hutegemea mawasiliano ya faiba, kwa hiyo safisha kwanza. Kisha itazame swichi ya nne, kwa sababu katika ekstenda nyingi upande mmoja hupitisha data na upande wa pili huligeuza tundu la RS-232 kuwa la kubadilishia programu ya ndani, na hapo amri huishia kwenye kisanduku chenyewe. Ikiwa kisanduku cha kupokea kina swichi kama hiyo, nayo iwe upande wa data. Hakikisha kasi ya mawasiliano ya kompyuta ni ile inayotakiwa na projekta, na kwamba waya wa kutuma wa upande mmoja unaingia kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Usiiache swichi ya nne upande wa kubadilishia programu hata kama huitumii RS-232 kila siku.

Kuhusu kunakili EDID, hata uzi ukipona mimi ningebaki na ya ndani. Projekta ya ukumbini huzimwa mara kwa mara, na kompyuta inayotegemea maelezo yake inaweza kupanga upya madirisha yote kila inapoyakosa.