Tunahama Mombasa kwenda kuishi shamba: Shimba Hills, Magarini au Taita?

BintiKisauni
Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaoishi huko, si wa waliopita kwa gari.

Mume wangu anastaafu kazi ya bandarini mwisho wa mwaka huu. Miaka yote tumepanga Kisauni, maji tunanunua ya mkokoteni, na hatutaki kiinua mgongo kiishie kwenye kodi. Tunataka ekari tatu au nne, tujenge na tuishi humo humo: mihogo, kunde, mchicha, kuku wa kienyeji, mbuzi wa maziwa, na miti ya matunda ya kuwaachia watoto. Chakula kitoke kwetu, kikizidi tuuze.

Tunafikiria sehemu tatu. Shimba Hills, kwa sababu ya mvua. Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki, kwa sababu bei iko chini na dalali mmoja ameshatuonyesha shamba zuri, ila anataka arubuni wiki hii. Na Taita juu, Wundanyi, kwa sababu mume wangu amechoka na joto. Mama mkwe anaishi nasi na ana sukari, kwa hivyo hospitali isiwe mbali. Kitinda mimba bado yuko shule ya msingi. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

Mkulima_Mkongani
Waaleikum salaam dada. Mimi niko Mkongani, kwa hivyo nitavutia kwangu, lakini mabaya pia nitakwambia.

Masika hapa huanza Aprili na kuendelea hata Juni, na vuli ikija vizuri unavuna kunde na mahindi mara ya pili. Machungwa, minazi, mikorosho, ndizi, vyote vinakubali. Chemchemi za Marere, ambazo maji yake huletwa huko Mombasa, ziko kwenye vilima hivi. Mama akizidiwa kuna hospitali ya Kwale, na ile ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unafika upande wa Miritini bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Sasa mabaya. Hifadhi ya Shimba Hills ina ndovu, na ua wa umeme hauwazuii wote. Wakiingia, mihogo na migomba ya mwaka mzima huisha usiku mmoja. Mchana ni zamu ya nyani. Mahindi yakianza kukomaa lazima mtu ashinde shambani. Usimuulize dalali kama kuna ndovu, atasema hakuna. Tazama majirani wamepanda nini. Ukiona pilipili tupu, hakuna mhogo wala mgomba kwa yeyote, umeshajibiwa. Tafuta mbali na mpaka wa hifadhi hata kama bei itapanda.

MwanaMagarini
Mimi ni mzaliwa wa Magarini. Dada, usitoe hiyo arubuni. Mtu anayekuharakisha kuamua shamba la maisha yako ana jambo ambalo hataki ulione.

Mlionyeshwa shamba mwezi gani? Mvua ikinyesha, Magarini yote inapendeza. Rudi Februari. Mradi wa makaazi wa Magarini, ulioanza miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Australia, ulikuwa na wataalamu na mitambo, na bado maji yaliusumbua. Visima vingi huku ni vya chumvi. Karibu na mto udongo una rutuba ajabu, lakini Sabaki hufurika, na mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilituonyesha tena. Ukienda mbali na mto unakutana na kiangazi: kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 tulikosa mvua ya maana misimu mitano mfululizo. Mbuzi waliuzwa bei ya kutupa.

Sisemi kwetu hapafai. Maembe ya Ngowe na Apple yanatupa heshima. Lakini hata mwembe wa kupandikiza unataka miaka kadhaa kabla haujakulipa, na nyinyi mnataka kula mwaka huo huo.

Jingine ni miti. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi iliyo juu yake ya mwingine. Mzee aliweka minazi rehani zamani, watoto wakauza shamba, na mwenye rehani bado anakuja kuangua nazi zake. Uliza mbele ya wazee wa kijiji miti ni ya nani, kabla hela haijatoka mfukoni.

Mdawida_wa_Mgange
Shemeji yetu aliyechoka na joto namwelewa. Huku juu usiku unajifunika blanketi, na sukuma wiki, kabeji, viazi na maharagwe hustawi. Shida ni kupata ekari nne pamoja. Mashamba ya milimani ni vipande vya urithi, kimoja hapa, kingine ng'ambo ya bonde, na kuuzia mtu wa nje lazima ukoo ukubali. Mteremko unataka matuta kila mwaka. Nazi mtanunua. Na bibi wa watu aliyezoea Kisauni, mwenye sukari, huu mlima na baridi ya Julai vitamsumbua.

Ardhi kubwa na rahisi iko chini, upande wa Voi na Mwatate, ila huko ni kiangazi na ndovu wa Tsavo. Wenzetu wa Sagalla wanazungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya; ndovu akigusa waya nyuki wanatoka. Inasaidia, na asali mnauza.

Karani_wa_Mashamba
Popote mtakapokwenda, fanyeni sachi wenyewe kwenye ofisi ya ardhi, yaani mhakikishe shamba limeandikishwa kwa jina la nani, msipokee karatasi ya dalali. Leteni mpimaji alinganishe mawe ya mpaka na ramani. Muulizeni muuzaji mkewe ameridhia. Kwa shamba la familia sheria inataka idhini ya mwenzi. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 baada ya kutia sahihi, la sivyo mkataba ni batili.

Na mkikuta watu wanaishi humo, msiambiwe "hao ni maskwota tu, wataondoka". Aliyekaa wazi kwenye ardhi ya mtu miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kwenda kortini kuidai. Pia ni majirani zenu wa kesho. Hakuna raha ya kula mhogo uliopandwa juu ya nyumba ya mtu aliyefukuzwa.

MamaWaRabai
Nyote mnazungumzia visima, paa mmelisahau. Paa la mabati la mita 10 kwa 8 hukupa lita 80 kwa kila milimita moja ya mvua. Mwaka wa milimita 1,000, ukitoa inayopotea, unabaki na lita kama 64,000. Nyumba inayotumia lita 150 kwa siku, mbuzi wakiwemo, inavuka mwaka. Kinachowashinda wengi ni tangi: Januari hadi Machi pekee ni lita 13,500, na wao wamenunua la 5,000. Makuti yanapendeza, lakini angalau jiko na banda paueni kwa mabati.

BintiKisauni
Shukran sana ndugu zangu. Nimemsomea mume wangu yote. Dalali nimemwambia arubuni haipo. Taita tutakwenda kutembea. Tumeelekea Kwale, huko Shimba Hills, na badala ya kununua sasa tunataka kukodi nyumba na ekari moja kabla ya masika, tukae mpaka kiangazi kingine kipite, hela ibaki benki. Kaka wa Mkongani, je, mbuzi wa maziwa watakubali huko? Nimesikia habari za ndorobo, wale mbung'o wanaoambukiza mifugo.

Mkulima_Mkongani
Ndorobo wapo, hasa karibu na msitu, na ugonjwa wao huua ng'ombe wa gredi haraka. Mbuzi huvumilia zaidi, lakini usilete mbuzi wa gredi kutoka bara moja kwa moja. Nunua majike ya kienyeji hapa hapa, uwapandishe kwa beberu wa maziwa, ufuge watoto wao. Banda liinuliwe kutoka chini, mbali na vichaka. Afisa wa mifugo wa wadi atakwambia ni vijiji gani vimesumbuliwa mwaka huu. Mbegu za mihogo chukueni KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, kabla hamjahama, muulizie aina za Tajirika na Karembo, maana za huku nyingi zina ugonjwa wa batobato. Nyumba za kukodi zipo karibu na soko la Mkongani. Mkija msiishie barabarani, ulizeni kwa mzee wa mtaa.