Kwa nini darubini za angani ni ghali, na je, zinaweza kupungua bei?

Mwalimu wa Fizikia, Tanga
Assalamu alaikum. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mtoto wa fundi majahazi, ameniuliza kwa nini darubini ya James Webb iligharimu takriban dola bilioni 10 ilhali kioo chake kina upana wa mita 6.5 tu. Nilimjibu kwamba ni teknolojia ya hali ya juu, jibu ambalo hata mimi halikuniridhisha. Fedha hizo ziliishia wapi?

Mkunja Tanga, Bagamoyo
Waalaikumu salaam, Mwalimu. Gharama kubwa ilitokana na kukunja. Nafasi ndani ya kichwa cha roketi ya Ariane 5 haikufika upana wa mita 5, hivyo kioo kikagawanywa vipande 18, na kinga ya jua yenye matabaka matano, pana kama uwanja wa tenisi, ikakunjwa kama tanga ili ijitandaze yenyewe safarini, kuelekea mahali palipo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Darubini ya angani ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990 na kioo chenye kasoro, ilifuatwa na wanaanga mwaka 1993 ikarekebishwa. Webb haina fundi wa kuifuata. Kwa hiyo kila bawaba ilijaribiwa miaka na miaka, na mafundi waliozijaribu walilipwa mishahara muda wote huo. Roketi yenye kichwa kipana zaidi ingeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo.

Mpwani
Shikamoo Mwalimu. Mimi naona unafuu uko katika kuunda darubini ndogo ya kujibu swali moja tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, pungufu ya magunia mawili ya mahindi, na kazi yake ilikuwa kusaka eksirei tu, miale ambayo angahewa huizuia isitufikie. Orodha yake ilifikia vyanzo 339.

Mkunja Tanga, Bagamoyo
Ni kweli, ila kwa galaksi hafifu udogo hausaidii: upana wa kioo ukiwa maradufu, mwanga unaokusanywa huwa mara nne.

Mwalimu wa Fizikia, Tanga
Marahaba, na ahsanteni nyote. Jumatatu nitawapa wanafunzi khanga, kopo la maziwa na uzi: waikunje khanga iingie koponi, kisha waitandaze mezani kwa kuvuta uzi tu, bila kuigusa.