Naomba ushauri: moshi wa moto wa msituni na mazoezi ya dogo

Wakuu habari, mdogo wangu anacheza futiboli ya Kimarekani chuo kimoja huko Oregon, sasa misitu inaungua moshi umejaa mji mzima na kocha anataka waendelee tu kukimbizana nje eti msimu unakaribia. Miongozo ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) inasema AQI, yaani kipimo cha uchafu wa hewa, ikivuka 150 wachezaji wote waangaliwe kwa karibu, ikifika 200 wafikirie kuahirisha au kuingia ndani, juzi ilikuwa 170 na dogo ana pumu jamani! Vile vichembe vidogo sana vya moshi, PM2.5, vinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na ukikimbia ndo unavuta zaidi. Agome, au aanze na daktari wa timu? Na pumzi ataitunzaje akikaa ndani, baiskeli ya jimu inatosha? Mliocheza huko West Coast nisaidieni.