Kuhamahama kazi ni damu au ni maisha? Tupeane uzoefu

Wakuu, poleni na baridi. Nipo Mafinga, nina miaka 38, na hii ya mbao ni kazi yangu ya sita. Nimefundisha, nimeuza bima, nimelima viazi. Sijawahi kufukuzwa. Mwaka wa tatu ukifika tu, moyo unatangulia kuondoka. Mama husema, "Baba yako mtupu."

Nimesoma kwamba mwaka 1989 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichunguza jozi 34 za mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, wakaona karibu asilimia 30 ya tofauti za watu katika kuridhika na kazi inaelekea kutokana na urithi. Si kwamba kuna jeni moja la kuacha kazi. Tunarithi hulka, kama kupenda mambo mapya au kuchoka upesi. Kwenu ikoje?

Dada wa Uyole: Nililelewa na shangazi Makambako tangu nina miezi minane. Yeye na mumewe wamelima mahindi shamba lilelile maisha yao yote. Mimi? Saluni, mitumba Mwanjelwa, uwakala wa pesa za simu, sasa miche ya parachichi. Baba mzazi nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, kule Tukuyu. Akaanza kunihesabia: utingo, fundi redio, dhahabu Chunya, duka la dawa za mifugo, ndizi. Nikalia palepale. Miaka yote shangazi aliamini kuna mahali alikosea kunilea. Nilimpigia usiku uleule.

Mtoa mada: Ndaga fijo, yaani asante sana, dada. Hii imenigusa sana.

Wa Tunduma: Msiibebeshe damu kila kitu. Nimeacha kazi nne, zote mshahara ulikuwa unachelewa miezi miwili, mitatu. Mwenye watoto hasubiri.

Mtoa mada: Kweli kabisa mkuu. Hata kwa hesabu ya wale watafiti, sehemu kubwa inabaki nje ya urithi.

Pacha wa Iringa: Sisi ni mapacha wa kufanana, hata mama alikuwa akituchanganya. Mwenzangu ni muuguzi, mwaka wa 14 kituo kilekile. Mimi nipo kazi ya nne, nashona mabegi. Ila likizo zake zote anazimalizia kibandani kwangu, anakata ngozi hadi giza linaingia. Mwezi uliopita kaniuliza cherehani kama yangu inauzwa bei gani.