Poti za Doom kwa laptopu za mtumba: Chocolate, Crispy, Woof, dsda-doom, GZDoom au Zandronum?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninasimamia darasa la kompyuta la jioni hapa Shangani, na vijana wangu wameomba tuanze kutengeneza ramani za Doom, ile gemu ya kufyatua risasi iliyotolewa na id Software mwezi Desemba 1993, badala ya kuishia kuicheza tu. Mashine zetu ni laptopu za mtumba zilizotoka maofisini, zenye kumbukumbu ya GB 4 na kadi ya picha ileile iliyomo ndani ya prosesa. Nyingi zina Windows na chache zina Linux. Intaneti yetu ni bando la simu, kwa hiyo kila kitu kitapakuliwa mara moja kisha kitagawanywa kwa flashi.

Ninachotafuta ni poti (programu ya kuendeshea Doom kwenye kompyuta za leo) iliyo nyepesi, ambayo ramani ya kijana mmoja itafunguka kwenye mashine ya mwenzake bila kubadilika, na ambayo siku za Ijumaa itawawezesha kuchuana kwa waya. Majina ya poti ni mengi na kila mmoja anaisifu ya kwake. Naomba mnilinganishie kwa hoja, mapenzi yakae pembeni.

Fundi Rahaleo (Lindi)

Mwalimu, salamu kutoka Lindi. Ulinganisho hauwezi kueleweka bila kujua poti hizi zilikotoka, kwa hiyo univumilie kidogo.

John Carmack, mwandishi programu wa id Software, aliuachia msimbo chanzo wa Doom tarehe 23 Desemba 1997. Uliotolewa ulikuwa wa toleo la Linux, kwa sababu toleo la DOS lilitegemea maktaba ya sauti iliyomilikiwa na mtu mwingine, na id haikuwa na haki ya kuigawa. Mwaka 1999 msimbo huohuo uliwekwa chini ya leseni ya GPL, ambayo inamruhusu yeyote kuurekebisha na kuusambaza, mradi naye anapowapa watu programu yake awape na msimbo wake. Ndiyo sababu poti karibu zote ni za ukoo mmoja. Crispy Doom imezaliwa na Chocolate Doom. Woof ni mjukuu wa Boom, poti iliyotolewa na kundi la TeamTNT mwaka 1998, kupitia MBF, poti ya Lee Killough iliyojengwa juu ya Boom. dsda-doom imetoka PrBoom+, ambayo nayo asili yake ni Boom. GZDoom na Zandronum zote mbili zina damu ya ZDoom.

Sasa nije kwenye swali lako. Chocolate Doom imetengenezwa kwa makusudi ili iwe sawa na gemu ya DOS: picha ya nukta 320 kwa 200, tiki (hatua za mchezo) 35 kwa sekunde, pamoja na kasoro zote za asili. Kwa mchezaji anayetaka kuonja mambo yalivyokuwa, sijaona inayoishinda. Kwa mwanafunzi wa kuchora ramani ni mtihani mgumu, kwa sababu injini ya asili ilikuwa na mipaka iliyowekwa kwa ajili ya kompyuta za mwaka 1993, na Chocolate imeilinda mipaka hiyo yote.

Chukua mfano wa visplane. Kila sehemu ya sakafu au dari inayoonekana kwenye skrini yenye kimo chake, mwanga wake na picha yake inahesabiwa kuwa visplane, na injini ya asili inaruhusu 128 kwa wakati mmoja. Kijana wako akichora ukumbi mpana wenye ngazi nyingi, kila ngazi akaipa mwanga tofauti, ukumbi huo utafunguka vizuri na atatembea ndani yake bila shida. Akifika pembe moja ambayo ngazi zote zinaonekana kwa pamoja, gemu itajifunga papo hapo na kumtupa kwenye Windows na ujumbe kwamba visplane zimekwisha. Atarudi kwenye ramani kutafuta kosa kwenye ngazi wakati tatizo ni pale aliposimama. Crispy Doom imeondoa mipaka hiyo, ikaongeza picha hadi 640 kwa 400, na mchezo wenyewe ukabaki vilevile. Uzito wake kwa laptopu zako ni mdogo sana.

Mpiganaji wa Masasi

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote kwa Fundi, sioni kwa nini vijana wa leo wafungwe kwenye mipaka ya mwaka 1993, hata iwe imelegezwa. GZDoom inakuruhusu kutazama juu na chini kwa kipanya, kuruka, kuweka taa za rangi zinazobadilika na sakafu zilizolala kwa mteremko, na zaidi ya yote ina lugha yake ya programu, ZScript, ambayo kijana anaweza kuitumia kuunda silaha au adui mpya kabisa. Ikiwa darasa ni la kompyuta, hapo ndipo watakapojifunza kuandika programu. Modi zinazovuma, yaani nyongeza zinazobadilisha gemu kama vile Brutal Doom, nazo hazifunguki kwenye Chocolate wala Crispy.

Jambo moja la kufahamu ni kwamba mwaka 2025 baadhi ya watengenezaji wa GZDoom walijitenga na kuanzisha UZDoom kutoka kwenye msimbo uleule. Leseni aliyoieleza Fundi ndiyo iliyowapa haki hiyo. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti bado ni ndogo.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Marahaba, kijana wangu. Hoja ya ZScript ni nzito na imenigusa. Hofu yangu ni mashine. Nyingi zina kadi ya Intel HD 3000.

Binti Mikindani

Mwalimu, hapo nikusaidie, kwa kuwa laptopu ninayotumia ni ya aina hiyohiyo. Kwenye Windows, dereva wa Intel HD 3000 anaishia OpenGL (kanuni za kuchorea picha kwa kadi) toleo la 3.1, wakati njia ya kawaida ya GZDoom inadai 3.3. Ukiifungua kwa mipangilio ya kawaida itakataa. Kadi ileile ukiiwekea Linux inafika 3.3, kwa sababu dereva wa huko ni Mesa, ambaye hakuandikwa na watu walewale. Kwa hiyo usishangae mashine mbili zinazofanana kila kitu zikitofautiana kwenye GZDoom.

Dawa zipo. Matoleo ya baadaye ya GZDoom yana njia ya kuchora ya OpenGL ES iliyowekwa kwa ajili ya mashine dhaifu, na unaichagua kwenye dirisha la kwanza kabla gemu haijaanza. Ipo pia LZDoom, ambayo ni GZDoom iliyopunguzwa ili ikubali kadi za zamani. Hata hivyo, kukubali kufunguka ni jambo moja na kwenda kwa kasi ni jambo jingine. Ramani kubwa zenye maadui mamia, pamoja na modi inayomwaga damu kwenye kila ukuta, zitaifanya picha iwe ya kukatakata, na feni italalamika hadi jirani asikie. Kwa mashine hizo mimi ningechagua Woof, nikaiacha GZDoom kwa wawili watatu wenye laptopu bora.

Mvuvi wa Kilwa Masoko

Naona hamjagusa rekodi, na kwa darasa lenye mashindano mimi naziona ni muhimu kuliko taa za rangi.

Rekodi ya Doom haina picha hata moja ndani yake. Inahifadhi tu amri za mchezaji kwa kila tiki: kwenda mbele au nyuma, kwenda kando, kugeuka, na vitufe vya kufyatua na kufungua mlango. Kwa umbo la asili kila tiki inachukua baiti 4, na kwa tiki 35 hiyo ni baiti 140 kwa sekunde. Mchezo wa nusu saa unatoshea katika faili la takriban KB 250, ambalo unaweza kulituma kwa WhatsApp hata bando likiwa limebaki mabaki. Anayelipokea anaifungua gemu kwake, na injini inazicheza upya amri zilezile.

Kwa sababu hiyo, injini ya mpokeaji lazima ifikiri sawasawa na ya mtumaji. Adui mmoja akisogea hatua moja tofauti, kila kitu kinachofuata kinaharibika: utamwona mchezaji ameukumbatia ukuta, anafyatua risasi kwenye kona tupu, huku adui aliyepaswa kufa akimtafuna mgongoni. Hapo dsda-doom haina mpinzani. Ukiiambia complevel (namba ya kuchagua kanuni za kufuata) 2 inafuata tabia ya Doom II ya asili, 9 ni Boom, 11 ni MBF na 21 ni MBF21, kanuni iliyowekwa mwaka 2021 na inayofuatwa na Woof pia. Ina pia uwezo wa kurudisha mchezo nyuma sekunde chache, jambo ambalo mwalimu atalipenda anapotaka kumwonyesha kijana pale alipokosea. GZDoom imezibadilisha sana kanuni za ndani, na rekodi za zamani haziheshimu.

Mpiganaji wa Masasi

Kaka, kwenye rekodi nakubali. Ila ni vijana wangapi watakaotuma rekodi?

Mvuvi wa Kilwa Masoko

Wakishaambiwa kwamba yupo aliyemaliza ramani yao kwa muda mfupi kuliko wao, watatuma wote.

Fundi Rahaleo (Lindi)

Kabla hamjafika mbali, Mwalimu, utatumia faili gani la data? Leseni ya GPL inahusu msimbo pekee. Picha, sauti na ramani zilizomo ndani ya DOOM.WAD na DOOM2.WAD bado zina mwenyewe na zinauzwa, kwa hiyo kuzigawa darasani kwa flashi ni kuvunja sheria. Toleo la majaribio, DOOM1.WAD, lina takriban MB 4 na ramani tisa, na linaruhusiwa kusambazwa. Wengi wanakimbilia hilo, kisha wanakwama, kwa sababu gemu inakataa kabisa kupakia ramani za nje juu ya toleo la majaribio. Kizuizi hicho kiliwekwa na id tangu awali na poti zimekiheshimu. Ramani za vijana wako hazitafunguka.

Suluhisho ni Freedoom, mkusanyo wa picha, sauti na ramani zilizotengenezwa upya na watu wa kujitolea na kutolewa bure kwa leseni ya BSD. Faili la freedoom2.wad linashika nafasi ya DOOM2.WAD, na ramani iliyochorwa kwa moja hufunguka kwa lingine. Limekusudiwa poti zilizoondoa mipaka ya asili, kwa hiyo Crispy, Woof, dsda-doom na GZDoom zinalipokea vizuri, wakati Chocolate si mahali pake. Kwangu mimi hoja hii peke yake inaiondoa Chocolate kwenye darasa lako.

Kati ya Crispy na Woof ninaelekea Woof, kwa sababu inaelewa nyongeza za Boom, kama vile sakafu zinazokusogeza zenyewe na maji yenye kina, ambazo Crispy kimsingi haikukusudiwa kuzibeba.

Mkorosho wa Tandahimba

Nizungumzie waya, kwa kuwa huku kwetu tunachuana sana msimu wa korosho ukishapita na watu wakiwa na nafasi.

Chocolate na ndugu zake wa karibu zinacheza kwa mtindo wa zamani: wachezaji wanne, wote wanaanza pamoja, na kila mashine inasubiri amri za wenzake kabla ya kusogea tiki inayofuata. Laptopu moja ikizubaa, wote mnazubaa. Tatizo kubwa zaidi ni umeme. Umeme ukikatika laptopu zinabaki na betri zake, lakini swichi ya mtandao inayoziunganisha haina betri, inazima, na mchezo wote unakufa. Ukirudi baada ya dakika mbili hakuna wa kujiunga tena katikati. Mnaanza upya, na aliyekuwa anaongoza ananuna hadi jioni.

Zandronum inatumia mashine moja kama seva na inaruhusu hadi wachezaji 64. Aliyetoka anarudi na kukuta mchezo unaendelea. Odamex nayo ina mfumo wa seva na inakaa karibu zaidi na Doom ya asili, ingawa mimi nimezoea Zandronum na siwezi kuilaumu. Tahadhari ni kwamba Zandronum imejengwa juu ya msingi wa zamani wa ZDoom na haifahamu ZScript. Kijana akiunda silaha yake kwa ZScript, ataicheza peke yake kwenye GZDoom, Ijumaa haitakuwepo.

Binti Mikindani

Kuna anayeuliza pembeni kuhusu simu. Kwenye Android ipo Delta Touch, ya kulipia, ambayo imekusanya poti kadhaa, GZDoom ikiwemo. Kwa kuchora ramani simu haifai.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Nawashukuru sana. Nimeamua kuweka Woof na Freedoom kwenye mashine zote, Zandronum kwa ajili ya Ijumaa, na GZDoom kwenye laptopu mbili zenye Linux kwa watakaotaka ZScript. Linalonisumbua sasa ni hili: nitahakikishaje kwamba ramani ya kijana inafanya kazi huku na huku?

Fundi Rahaleo (Lindi)

Hilo linaamuliwa siku ya kwanza ya kuchora. Programu ya kuchorea, iwe Ultimate Doom Builder kwenye Windows au Eureka ambayo ni nyepesi na ipo hata kwa Linux, itawauliza umbo la ramani. Wachague la Boom kwa Doom II. Wakichagua UDMF la GZDoom kwa sababu lina vitu vingi vya kuvutia, ramani hiyo itabaki huko.

Mvuvi wa Kilwa Masoko

Niongeze kidogo, Mwalimu. Woof ikiachwa bila maelekezo inaanza na kanuni za MBF21, na rekodi ya ramani ya Boom iliyochukuliwa hivyo haitachezeka kwa mtu aliyeweka complevel 9. Usiwaachie vijana kazi ya kukumbuka. Kwa kutumia SLADE, programu ya kuhariri faili za WAD, ingiza ndani ya WAD ya kila ramani kipande kiitwacho COMPLVL chenye neno moja tu, boom. Woof na dsda-doom zote zinakisoma na kujipanga zenyewe. Ramani ya kwanza ikikamilika itume hapa pamoja na rekodi ya mchoraji mwenyewe, tuone kama muda wake utadumu.