Naomba ushauri: sisimizi wangu wa kompyuta wanapata njia fupi kila mara, lakini msimamizi hajaridhika

Mpwa wa Kinole (mtoa mada):
Wakuu, habari za jioni. Ninasoma shahada ya pili na Jumatatu ninatakiwa kuwasilisha kazi yangu mbele ya jopo. Nimetengeneza programu inayoiga sisimizi 200 wanaotoka shimoni kutafuta chakula kwa kupita daraja lenye matawi mawili, moja likiwa na urefu mara mbili ya jingine. Kiongozi hakuna: kila sisimizi huacha feromoni, yaani harufu ambayo wenzake huifuata na ambayo hufifia kadiri muda unavyopita. Nimeiendesha mara 50, na mara zote 50 kundi limeishia kwenye tawi fupi. Je, jopo litavutiwa zaidi na michoro ya mistari au picha za rangi? Tangu juzi chakula hakipiti.

Bibi Karafuu:
Tumia mistari, mjukuu wangu, kwa kuwa majopo yamejaa wazee wenye miwani. Umenikumbusha utoto wangu Singida, siku niliyovunja ubavu wa kichuguu kwa jembe nikidhani nimewakomesha mchwa. Kabla ya magharibi tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi, tonge juu ya tonge, kila tonge dogo kuliko punje ya mtama. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mfaransa Pierre-Paul Grassé alilieleza jambo hilo mwaka 1959: mchwa haamrishwi na yeyote, bali kazi aliyoiacha mwenzake ndiyo inayomchochea kuweka tonge linalofuata. Ramani ya kichuguu haimo kichwani mwa mchwa yeyote.

Dereva Mstaafu:
Hata foleni ni hivyo hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo magari 22 yaliwekwa kwenye duara la mita 230, madereva wakaombwa waende kwa mwendo ule ule. Hapakuwa na taa, shimo wala trafiki, lakini baada ya muda foleni ilizuka yenyewe ikawa inarudi nyuma huku magari yakienda mbele. Mimi nimekaa Ubungo miaka kumi na tisa nikimlaani aliyeanzisha foleni, kumbe hayupo.

Darubini:
Ndugu mtoa mada, suala la michoro liweke kando kwanza, maana hiyo 50 kwa 50 inanitia wasiwasi. Mwaka 1989 Goss, Deneubourg na wenzao walichapisha majaribio waliyofanya kwa sisimizi wa Argentina kwenye daraja kama lako. Tawi fupi lilishinda mara nyingi kwa sababu nyepesi: waliolipita walirudi mapema, kwa hiyo harufu yake ilikolea mapema. Lakini walipofungua tawi refu pekee na kuliongeza lile fupi baadaye, wengi waliendelea na njia ndefu, kwa kuwa harufu ilikuwa imekwisha kujaa huko. Je, umeijaribu hali hiyo, na sisimizi wako walifanya nini?

Mpwa wa Kinole:
Nimeijaribu. Walihamia tawi fupi mara zote. Niliona ni ubora wa programu.

Darubini:
Walijuaje kwamba ni fupi?

Mpwa wa Kinole:
Nitasema ukweli, ingawa naomba nisitukanwe. Kuna mistari miwili ya msimbo ambayo humpa kila sisimizi, anapofika njia panda, umbali uliobaki hadi kwenye chakula. Niliiongeza mwezi wa pili baada ya kuona kundi likikwama kila siku, na ikisiri yangu, ambayo imeshachapishwa, inasema kwamba hakuna sisimizi mwenye maarifa ya njia nzima. Hata hivyo, sioni kosa kubwa kiasi hicho. Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya udaktari kule Milano mwaka 1992, aliwapa sisimizi wake wa kompyuta kumbukumbu ya njia waliyopita, jambo ambalo hakulichukua kwa sisimizi wa kweli, na dunia nzima ikampongeza. Mistari miwili kati ya mia sita ni nini?

Darubini:
Dorigo alikuwa anatafuta namna ya kutatua matatizo magumu ya njia, na alichowaongezea alikisema waziwazi. Wewe unadai kueleza tabia ya kundi inazaliwa wapi, halafu umeipandikiza kwa mkono wako. Hapo hakuna kilichoibuka; kuna ramani moja iliyogawiwa kwa watu 200.

Mama wa Kwaya:
Kila mwaka tunahubiriwa kwamba chungu hana msimamizi. Wewe unaye, mwanangu, na mlango wake unaujua. Nenda ukamwambie kabla jopo halijakuuliza.

Kipanga:
Samahani, wazee wangu, mimi siamini habari hii. Kichwa cha uzi kinasema msimamizi hajaridhika, lakini mtoa mada hajamtaja tena tangu hapo, na anajibu kwa ufasaha wa mtu aliyesahihisha tasnifu nyingi. Kwa maoni yangu huyu ndiye msimamizi, na anatutumia sisi kupima hoja za kumbana mwanafunzi wake.

Dereva Mstaafu:
Basi mwanafunzi naye anatusoma hapa. Kimbia, kijana!

Darubini:
Awe nani awe, afute mistari miwili na aendeshe upya.

Mpwa wa Kinole:
Mimi si msimamizi. Msimamizi wangu alisema tu kwamba matokeo yangu ni "masafi mno", na sikutaka kumwelewa. Nimefuta mistari ile saa nane za usiku. Kundi limechagua tawi fupi mara 41 kati ya 50, na tawi fupi lilipochelewa kufunguliwa, limebaki kwenye refu mara 46. Katika jaribio moja, sisimizi wapatao thelathini walianza kuzunguka duara, kila mmoja akifuata harufu ya aliye mbele yake, na hawakutoka mpaka nilipozima mashine. Nimewatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Bado ninauliza: mistari au rangi?

Bibi Karafuu:
Mistari, mjukuu wangu. Ila lile duara lipake rangi.