Eti simu "ngumu kama tembo", inawezekana kweli?

Mtoto wa Idodi:
Kamwene wakuu. Simu yangu ilidondoka toka kwenye bodaboda njia ya Tungamalenga, kioo kikawa utando wa buibui na kona ya juu nikigusa haishiki. Sasa muuzaji mmoja hapa Iringa mjini ananishawishi nichukue mpya, anasema hiyo ni ngumu kama tembo, maji haiingii. Mimi nimekulia jirani na hifadhi ya Ruaha, tembo nawajua, huo mfano naona umezidi. Kuna simu ya kudumu hivyo?

Fundi wa Mafinga:
Hakuna mkuu. Hiyo IP68, yaani alama kwamba simu inazuia vumbi na maji, wanapima kwenye maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya, ile gundi inayoziba inachoka na simu ikishafunguliwa mara moja kubadili kioo usiiamini tena. Alafu betri, simu nyingi ukichaji mara 500 hivi uwezo unashuka mpaka asilimia 80, na zingine naletewa zimevimba hadi zimesukuma mfuniko wa nyuma.

Mama Pawaga:
Wanangu, tembo naye ana betri yake, ni magego. Anapewa seti sita tu maisha yote, zinasogea toka nyuma kuja mbele, ya mwisho ikilika, umri kama miaka 60, kutafuna hawezi tena na njaa inamuua. Hata ile ngozi, kuna sehemu inafika unene wa sentimita 2.5 lakini bila matope jua na wadudu vinamtesa.

Ila akichubuka anapona mwenyewe, simu haiponi. Na mto Ruaha Mkuu tangu 1993 kiangazi unaacha kutiririka ndani ya hifadhi, mimi nimemuona jike anachimba mchanga kwa mguu, ananyonya maji ya kwanza yenye tope anayamwaga pembeni, anasubiri yatulie ndo anakunywa, mtoto kasimama chini ya tumbo lake. Yale maji tunayoyamalizia huko juu bonde la Usangu kwenye mpunga yananiuma sana kwa kweli.

Mtoto wa Idodi:
Asante mama, hilo la magego sikuwahi kulisikia na kwetu tunaishi nao. Fundi, nikiacha hiyo mpya nibadili kioo tu?

Fundi wa Mafinga:
Kama betri bado inafika jioni badili kioo, weka protekta na kava lenye kona nene. Na kwenye bodaboda simu ikae mfuko wa ndani wenye zipu.